Inama kwanza: namna ya kutazama vifaru vilivyofufuliwa

Kabla hujasoma kibao, inama utazame chini ya tumbo la kifaru. Katika makumbusho ya magari ya vita, gari linalowashwa huwekewa trei ya kukinga oili. Trei ikiwa na matone mabichi, injini iko hai na gasketi zinavuja kama zilivyovuja miaka ya 1940. Ikiwa kavu na vumbi limetanda, huenda injini imekaushwa oili, au haimo kabisa. Kibao kitakupa uzito, mwaka na unene wa chuma. Hakitakuambia kama unatazama kifaru au ganda la kifaru, na rangi mpya nayo haitakuambia.

Mahali pazuri pa kujifunza kutazama hivi ni Makumbusho ya Vifaru ya Bovington, katika kaunti ya Dorset, kusini mwa Uingereza. Kambi ya hapo ilianza kufundisha askari wa vifaru mwaka 1916. Vita ilipoisha, vifaru vingi vilikatwakatwa vikauzwa chuma chakavu, na vichache vikaachwa nyuma ya uzio. Mwandishi Rudyard Kipling alipita hapo mwaka 1923 akashauri vihifadhiwe. Umma uliruhusiwa kuingia mwaka 1947. Leo kuna magari yapatayo 300.

Kutoka London unapanda treni kituo cha Waterloo hadi Wool, safari ya saa mbili na nusu hivi. Kutoka Wool hadi langoni ni kama kilomita 3. Unaweza kutembea, lakini teksi za hapo ni chache, kwa hiyo agiza mapema, ya kurudi pia. Tenga saa tano. Wanaotenga mbili huishia kupiga picha Tiger, kifaru kizito cha Wajerumani, na kununua kikombe dukani. Ukitaka kuona vifaru vikitembea, nenda siku za maonyesho: Tankfest hufanyika majira ya joto, na siku maalumu za Tiger ni chache mno kwa mwaka. Tiketi za siku hizo huisha mapema, basi nunua ya makumbusho kabla ya ile ya treni.

Ukiingia, usikimbilie Tiger. Anza na vifaru vya kwanza, hasa Little Willie, kilichoundwa mjini Lincoln mwaka 1915. Hakina mzinga, hakina injini, ndani ni kitupu, na wageni wengi hukipita bila kugeuza shingo. Ubora wake uko hapohapo: hakuna fundi aliyelazimika kubadilisha kitu ili kitembee. Kilichobaki ndicho walichokiunda. Jirani yake kuna Mark I, kifaru pekee cha aina hiyo kilichobaki duniani. Kilikuwa na uzito wa tani 28, injini ya Daimler ya nguvu za farasi 105, watu 8 ndani, na mwendo wa kama kilomita 6 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayewahi basi. Kukipeleka kulihitaji watu wanne: dereva, kamanda aliyeshika breki, na wawili nyuma waliobadilisha gia za minyororo, mmoja kwa kila upande. Injini ilikaa katikati yao bila kifuniko cha maana, na joto, mvuke wa petroli na moshi vikawa vyao wote.

Hapo jifunze ribiti. Bamba za chuma za zamani zilishikwa kwa ribiti, pini iliyopashwa moto ikagongwa pande zote mbili mpaka ikavimba kichwa. Risasi nzito ikipiga nje, kichwa cha ndani hukatika na kuruka kama risasi nyingine. Kwa sababu hiyo vita vya pili vilileta mabamba ya kuchomelea, na vichwa vya vifaru (sehemu ya juu inayozunguka na mzinga) vya kumimina kwenye kalibu. Kwa mtazamaji, ribiti ni ushahidi. Kupiga ribiti za moto ni kazi ya watu kadhaa na tanuri, kwa hiyo warejeshaji wengi hutumia bolti zenye vichwa vya duara. Ukiwa nje hutatofautisha. Chungulia upande wa ndani: ukiona nati, hiyo ni kazi ya jana.

Weldingi husomwa vivyo hivyo. Mshono wa asili wa miaka ya 1940 una mawimbi mazito, umepishana tabaka kwa tabaka, na mara nyingine umeachiwa matone. Mshono wa mashine za sasa ni mwembamba na umelala sawa. Ukikuta mshono laini kwenye bamba lililojaa mashimo ya kutu, ujue kuna kipande kimebandikwa. Puti, ule udongo wa kuzibia mashimo kabla ya rangi, nayo ina dalili zake. Fundi yeyote wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, angegonga kwa kifundo cha kidole asikie, lakini hapa kugusa ni marufuku. Simama pembeni, uangalie bamba kwa mshazari kuelekea taa. Chuma kilichomiminwa au kuviringishwa kina chunusi zake. Sehemu yenye puti ni tulivu kama maji ya mtungi.

Kuna mtego mmoja hapa, nao ni T-34. Kifaru hiki cha Kisovieti kina kichwa chenye mapele, mistari ya kalibu haikusagwa, na mishono mingine imechomelewa kama kwa haraka ya mchana wa Ramadhani. Wageni hudhani kimerejeshwa vibaya. Ndivyo kilivyotoka kiwandani. Viwanda vilijua kifaru hakitaishi muda mrefu vitani, kwa hiyo hawakupoteza saa kusaga mahali ambapo kusaga hakuzuii risasi. Pale palipohitaji usahihi, kama kwenye meno ya gia na kiti cha mzinga, kazi ilifanywa vizuri. T-34 laini kama sahani ndiyo ya kutilia shaka.

Hapohapo kwenye T-34, nenda nyuma utazame karibu na gurudumu la meno linalovuta mnyororo. Vipande vya mnyororo vimeunganishwa kwa pini ambazo upande wa ndani zina kichwa na upande wa nje hazina nati wala kishikizo. Kifaru kikitembea pini hutoka polepole kuelekea ndani. Dawa yake ni kipande cha chuma chenye mteremko kilichochomelewa kwenye bodi: kila pini inayopita ikiwa imechomoza inagongwa na kurudishwa mahali pake. Hakuna sili, hakuna grisi, hakuna spana. Watu wengi hutazama kifaru hicho nusu saa nzima na wasikione kipande hicho, nacho kinaeleza fikra za wahandisi wake kuliko kibao chochote.

Sasa Tiger. Inayoitwa Tiger 131 ilitekwa na Waingereza nchini Tunisia mwezi Aprili 1943 ikiwa karibu nzima, ikaletwa Uingereza mwaka huohuo kuchunguzwa, na makumbusho yakakabidhiwa mwaka 1951. Uzito ni tani 57, bamba la mbele lina milimita 100, mzinga ni wa milimita 88. Lakini tafuta makovu kwanza. Risasi moja iligonga mzinga kwa chini ikateleza hadi kwenye pete ambamo kichwa huzungukia, kichwa kikakwama. Nyingine ilipiga sikio la kunyanyulia kichwa, ikaharibu mtambo wa kuinua na kushusha mzinga. Ya tatu iligonga karibu na mlango wa mpakiaji. Chuma kinene hakikutobolewa, ila kifaru kisichoweza kugeuza wala kuinua mzinga ni trekta ghali, na wenyewe wakashuka wakakimbia. Warejeshaji waliacha makovu hayo wazi, na walifanya vyema: yakijazwa puti, kinachobaki ni kifaru tu.

Kazi ya kukifufua ilianza mwaka 1990, na Desemba 2003 kikatembea tena. Kwenye injini ndipo bei ya kufufua inapoonekana. Kifaru hiki kilizaliwa na Maybach HL210, yenye lita 21 na bloku ya aluminiamu. Baada ya vita injini hiyo ilikatwa ubavu ili wanafunzi waone ndani, na injini iliyopasuliwa hivyo haiwaki tena. Makumbusho yalichukua Maybach HL230 ya lita 23, bloku ya chuma cha kumimina, kutoka kwenye King Tiger yao wenyewe, kifaru kikubwa kilichoifuata Tiger, wakaifunga humo. Kwa hiyo Tiger I pekee inayotembea kwa nguvu zake duniani inatembea kwa moyo wa kuazima, na kifaru kingine kimebaki bila moyo. Wapo wanaosema haikustahili. Kwa maoni ya mwandishi ilistahili, kwa sharti moja: kila kilichotolewa kiandikwe na kuhifadhiwa. Ubaya wa urejeshaji hauko kwenye kubadilisha, uko kwenye kubadilisha bila kumbukumbu.

Hesabu magurudumu ya Tiger. Kila upande una ekseli 8, magurudumu yamepishana kama vigae vya paa. Mpangilio huo unagawa uzito vizuri na kifaru huenda kwa ulaini. Gharama yake ni kazi ya fundi: mpira wa gurudumu la ndani kabisa ukipasuka, lazima ufungue mengine kadhaa ya nje kwanza. Kule Urusi matope yalijaa katikati ya magurudumu usiku yakaganda kwa barafu, asubuhi kifaru hakisogei. Tena kilikuwa na minyororo ya seti mbili, ya vita yenye upana wa milimita 725 na ya kusafiria kwa treni yenye milimita 520, kwa sababu kwa ile mipana kingezidi upana unaoruhusiwa kwenye reli. Kila safari ya reli ilimaanisha kufunga na kufungua vyuma vizito mno kwa mikono na jeki.

Ukiwa na dereva wa lori katika msafara wako, mwambie Tiger ilikuwa na usukani wa mviringo na giaboksi ya gia 8 za mbele na 4 za nyuma inayochagua gia kwa msaada wa haidroliki. Halafu mpeleke kwenye Churchill ya Waingereza, kifaru kizito kilichoendeshwa na injini ya Bedford ya silinda 12 zilizolazwa ubavu, nguvu za farasi 350. Hiyo nayo ina mfumo wa kugeuza ulio mahiri: kifaru kikisimama, gia ikiwa huru, mnyororo mmoja huenda mbele na mwingine nyuma, kikajizungusha papo hapo. Vifaru rahisi zaidi hugeuka kwa kubana breki upande mmoja, jambo linalokula nguvu na kuchoma lainingi za breki.

Kwa Sherman, kifaru cha Wamarekani chenye matoleo mengi ya M4, swali la kwanza ni injini ipi, kwa sababu walifunga chochote kilichopatikana. Bovington kuna M4A1 iitwayo Michael, ya pili kutengenezwa, na ndiyo Sherman ya zamani kuliko zote zilizobaki. Bodi yake ni ya kumimina, pembe zake zimeviringika. Aina hiyo ilitumia injini ya ndege, silinda 9 zilizopangwa kama miale ya jua. M4A2 ilifungwa dizeli mbili. M4A4 ilipata kituko cha Chrysler: injini tano za gari dogo, silinda 6 kila moja, zilizounganishwa kwenye kitovu kimoja, jumla silinda 30. Mkusanyiko huo ulikuwa mnene mpaka bodi ikarefushwa. Unaweza kuitambua bila kufungua kitu: nafasi kati ya jozi za magurudumu ni pana kuliko kwenye Sherman nyingine. Sherman nyingi za Waingereza zilizopewa mzinga mrefu, zile za Firefly, zilijengwa juu ya bodi hiyo.

Ile injini ya miale ina ugonjwa unaowaumiza warejeshaji wapya. Ikilala, oili huchuruzika hadi silinda za chini na kujaa juu ya pistoni. Oili haibanwi. Ukipiga stata hivyo hivyo, pistoni inakutana na ukuta na mkono wake unapinda au kuvunjika. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, hendeli hutiwa nyuma na injini huzungushwa kwa mkono raundi nyingi. Hendeli ikigoma, usilazimishe: fungua plagi za silinda za chini, oili imwagike, kisha endelea. Siku ya maonyesho fika mapema usimame upande wa karakana. Kuona watu wawili wakizungusha hendeli na kutukana kimya kimya kunafundisha zaidi ya mizunguko yote ya uwanjani.

Uwanjani soma moshi. Bluu ni oili inayoungua. Kwa injini ya miale ni kawaida dakika za mwanzo, ikiendelea pete za pistoni zimechoka. Mweusi ni mafuta mengi kupita hewa. Mweupe usiokwisha injini ikiwa tayari imepata moto ni maji yanayoingia kwenye silinda, na hapo utaona dereva akizima haraka. Sikiliza pia minyororo. Mnyororo wa chuma kwa chuma wa T-34 hulia na kukwaruza; wa Sherman wenye bushi za mpira hunguruma kwa chini. Mnyororo ukining'inia sana kati ya magurudumu ya juu, matundu ya pini yamepanuka. Hukazwa kwa gurudumu la mbele au la nyuma lisilovuta, na likifika mwisho wa kukaza, kipande kimoja cha mnyororo hutolewa. Ukiachwa mlegevu, huruka meno wakati wa kugeuka, na kifaru hubaki katikati ya uwanja kama ng'ombe aliyelala barabarani.

Kinachoharibika zaidi ni kile kisichoonekana. Petroli ya siku hizi ina ethanoli, nayo hulainisha mipira ya zamani ya pampu na kabureta. Vipande vyake huziba jeti. Oili ya breki hunywa unyevu hewani na kutia kutu silinda zake hata gari likiwa limelala. Mipira ya magurudumu hupata ubapa upande uliobeba uzito. Chuma chenyewe huanza kula kutu upesi unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 60, ndiyo maana magari mengi ya akiba Bovington yamewekwa ndani ya jengo la hifadhi lililofunguliwa mwaka 2013 badala ya kuachwa kwenye mvua ya Dorset.

Usipande, usitie kichwa ndani ya mlango usioruhusiwa, na watoto uwashike mkono. Sababu haihusu adabu tu. Lainingi za breki na vitambaa vya ekzosi vya enzi hizo vilikuwa na asbesto. Rangi za zamani zina madini ya risasi (ledi) ndani yake. Saa na geji nyingi zilipakwa radiamu ili zing'ae gizani. Kioo kikiwa kizima haina neno, kikivunjika vumbi lake halifai kuvutwa. Na baruti huwa inasahaulika ndani ya gari: karibu kila karakana ya kazi hii ina utaratibu wa kukagua gari jipya kona kwa kona kabla ya mtu kushika tochi ya kukatia.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana magari mawili ya kutoyapita. La kwanza ni Matilda, tani 27 za chuma zilizosukumwa na dizeli mbili za aina iliyotumika kwenye mabasi. Vifaru vichache vya aina hiyo vilipelekwa Keren, Eritrea, mwaka 1941, katika vita vilevile vilivyowatoa askari wa keya (King's African Rifles) Kenya kwenda Somalia na Uhabeshi. La pili ni Universal Carrier, kigari kidogo kisicho na paa. Kilitengenezwa zaidi ya 100,000, kuliko gari lolote jingine la deraya. Injini ni Ford V8, imewekwa katikati ya abiria na kuwachoma magoti. Chunguza usukani wake. Ukizungusha kidogo, magurudumu ya mbele husogezwa pembeni na kuupinda mnyororo, gari likakunja taratibu. Ukizidisha, breki ya upande mmoja hubana na gari hugeuka kwa nguvu. Kwenye karakana za warejeshaji utasikia malalamiko mawili ya kila siku kuhusu kigari hiki: injini kuchemka, na mhimili unaopinda mnyororo kukwama kwa kutu kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuupaka grisi.

Grisi, kwa kweli, ingestahili kibao chake. Wajerumani walipoizamisha meli ya Graf von Götzen karibu na Kigoma Julai 1916, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito kwanza. Ilipoinuliwa mwaka 1924, injini zilifaa kutengenezwa, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Na ukirudi Mombasa, pita Fort Jesus ukaukague mzinga wa milimita 105 wa meli ya Königsberg, iliyozamishwa mtoni Rufiji Julai 1915. Mizinga yake kumi ilitolewa majini, ikasafishwa na kutengenezwa Dar es Salaam, ikafungwa magurudumu na kukokotwa nchi kavu. Upepo wa chumvi hauna huruma, kwa hiyo anzia mahali fundi wa rangi asipofikisha brashi: chini ya mtutu, nyuma ya kiti chake, na kwenye kingo za bolti.